Uzi: Mtoto amepiga mstari chini ya "rely" akasema ni kielezi. Tuzungumze vitenzi na vielezi vya Kiingereza

Mama Kisauni ameandika:

Wenzangu, salaam aleikum. Kuna jambo limenikaa rohoni tangu Jumanne na nataka nilieleze kwa urefu, maana najua wazazi na walimu wa hapa Mombasa wako wengi humu.

Binti yangu yuko gredi ya 6. Siku hiyo alirudi na daftari la Kiingereza akiwa amepata 3 kwa 10. Kazi yenyewe: pigia mstari vielezi. Sentensi ya kwanza ilikuwa hii:

"We rely on the ferry daily."

Yaani feri ndiyo tegemeo letu kila siku. Mtoto kapiga mstari chini ya "rely", kapiga tena chini ya "daily". Ya nne ilikuwa hii:

"The fishermen work hard."

Hapo hakupiga mstari popote. Kaandika pembeni kwa penseli: hakuna. Nikamuuliza, mwanangu, mbona hakuna? Akanijibu bila kusita: "Mama, kielezi ni neno lenye -ly mwishoni. Hard haina." Nikafungua kurasa za nyuma nikaikuta kanuni hiyo, kainakili kutoka ubaoni na kuizungushia kiboksi cha rangi ya waridi.

Sikumgombeza. Mtoto katii alichoandikiwa, na kwa kutii ndiyo kakosa. Jioni huwa nakaa barazani na watoto watano sita wa majirani tukipitia kazi zao za shule, nikawauliza na wao. Isipokuwa mmoja, wote walinipa jibu lile lile. Ndipo nikaona hili si la nyumba yangu peke yake.

Tuanze na hiyo -ly. Ni kweli vielezi vingi vya Kiingereza vinaishia hivyo: "quickly", "slowly", "badly", "quietly". Lakini tazama na haya: "apply", "reply", "supply", "rely", "multiply", "comply", "fly". Vyote ni vitenzi. Kuomba kazi, kujibu, kupeleka bidhaa, kutegemea, kuzidisha, kutii masharti, kuruka. Watoto wetu wanakutana na "multiply" kwenye hesabu karibu kila siku, halafu saa inayofuata wanaambiwa -ly ni kielezi.

Tofauti yake iko kwenye asili. Hiyo -ly ya "quickly" ni kiambishi halisi cha Kiingereza cha kale, kimetoka kwenye neno lililomaanisha mwili au umbo, na ni ndugu wa "like". Kinabandikwa kwenye neno ambalo tayari lipo. "Reply", "apply" na "multiply" hazikubandikwa kitu. Zimetoka Kilatini zikapitia Kifaransa, na ndani yake mna mzizi wa kukunja: kujibu ni kama kuikunja barua uirudishe ilikotoka. Herufi mbili za mwisho zimefanana kwa bahati tu, kama vile "kaa" la moto na "kaa" wa baharini yanavyofanana katika lugha yetu.

Kwa hiyo nimewapa watoto wangu wa baraza jambo la kufanya kwa mkono. Ziba -ly kwa kidole. Kimebaki nini? "Quick" imebaki, ni kivumishi kizima, basi "quickly" ni kielezi. "Bad" imebaki, basi "badly" ni kielezi. Sasa ziba kwenye "reply": imebaki "rep". Kwenye "fly" imebaki "f". Hapo hapajabandikwa kitu, rudi utafute kazi ya neno katika sentensi. Na kama kilichobaki ni nomino, mfano "friend" kwenye "friendly" au "love" kwenye "lovely", mara nyingi ulicho nacho ni kivumishi. "Daily" yenyewe inavaa nguo mbili: kwenye "daily newspaper" ni kivumishi, kwenye sentensi ya feri ni kielezi.

Kidole kinasaidia, lakini hakimalizi. "Happily" ukiziba unabaki na "happi", na mtoto ataniambia hilo si neno. "Hard", "fast", "soon", "often", "never", "here" na "well" hazina -ly kabisa nazo ni vielezi. Nyinyi mnawafundishaje? Nahitaji njia ambayo mtoto wa miaka kumi na moja ataishika bila kukariri.

Mwalimu wa Tudor ameandika:

Waaleikum salaam, dada. Nimefundisha Kiingereza miaka mingi na kanuni hiyo ya -ly nimeikuta kwa watoto wa kila shule. Mwalimu ana watoto sitini mbele yake na dakika chache, anatafuta kitu cha kuandika ubaoni kiishe. Namuelewa, lakini gharama yake ndiyo hiyo uliyoiona.

Mimi naanza na wakati. Namwambia mtoto: vuta sentensi uipeleke jana. Neno litakalobadilika ni kitenzi.

"We rely on the ferry daily." Ipeleke jana: "We relied on the ferry daily." Nani kabadilika? "Rely" imekuwa "relied". "Daily" imekaa pale pale. Kisha badilisha mtu: "She relies on the ferry daily." Tena ni "rely" iliyotikisika. Kitenzi cha Kiingereza kina mwili unaobadilika kwa wakati na kwa nafsi. Kielezi hakikujui wewe ni nani wala hakijali ni jana au kesho.

Watoto wetu wanalipokea hili upesi kwa sababu Kiswahili ni hivyo hivyo: anategemea, alitegemea, tutategemea. "Kila siku" haibadiliki. Wanachoshangaa ni kwamba Kiingereza kinabadilikia mkiani, wakati sisi tunabadilikia kichwani.

Angalizo: viko vitenzi ambavyo jana havibadiliki, kama "put", "cut", "hit" na "cost". Hapo tumia nafsi, "she cuts", au mtie "-ing", "cutting". Kitajitoa chenyewe.

Njia ya pili ni kuhamisha. Kielezi cha namna kina miguu: "Slowly he opened the door", "He slowly opened the door", "He opened the door slowly". Zote tatu ni salama. Jaribu kuhamisha "opened" uone kama sentensi itasimama. Njia ya tatu wengi wanaipenda, ya kufuta: ukiondoa kielezi sentensi inaishi, ukiondoa kitenzi inakufa. Hii muitumie kwa tahadhari. "She put the bag there": futa "there" uone, sentensi imebaki inaning'inia. "He behaved badly": futa "badly" na maana inageuka kabisa, utadhani amekuwa na adabu. Kwa hiyo mimi naanza na wakati, nafuata nafsi, kisha kuhamisha, na kufuta naliacha mwisho.

Kijana wa Mtongwe ameandika:

Mwalimu, mama, shikamooni. Naomba niseme la kwangu, kwa sababu hili la "hard" lilinigharimu.

Baada ya kumaliza kidato cha nne niliandika barua ya kuomba kazi ya kupokea wageni katika hoteli moja ya pwani ya kusini. Niliiandika mwenyewe, kwa mkono, mara tatu mpaka ikawa safi. Nilitaka kuwaambia kwamba nafanya kazi kwa bidii. Nilijua kielezi kinataka -ly, nikaandika: "I work hardly."

Waliniita. Bwana aliyenihoji aliisoma sentensi hiyo kwa sauti, akaninyamazia, akasoma tena. Mimi nilidhani imempendeza. Akaniuliza, "Sasa kwa nini tukuajiri?" Sikuelewa swali. Nilielewa miezi baadaye, binamu yangu aliponieleza kwamba "hardly" maana yake ni kwa nadra mno, karibu na kutofanya kabisa. Nilikuwa nimewaandikia kwamba kazi siigusi.

Sijui kama kazi niliikosa kwa hilo peke yake. Ninachojua ni kwamba niliharibu sentensi iliyokuwa sahihi kwa kuifuata kanuni ya darasani.

Mwalimu wa Tudor ameandika:

Marahaba kijana. Pole sana, na ahsante kwa kulisema, maana wengi limewapata na wakanyamaza.

Wenzangu, kuna kundi dogo la maneno ambalo kila mzazi aliweke kwenye mlango wa friji. "Hard" ni kwa bidii, "hardly" ni kwa shida sana au karibu sivyo. "Late" ni kwa kuchelewa, "lately" ni siku hizi. "Near" ni karibu kwa umbali, "nearly" ni nusura. "He came late" alichelewa kuja. "He has come lately" amekuja siku za karibuni. Yote ni vielezi, wala hakuna kimoja kilicho "sahihi zaidi" kwa kuwa na mkia. Na "fastly" haipo katika Kiingereza cha leo. Mbio ni "fast", basi.

Maalim Kibokoni ameandika:

Waaleikum salaam warahmatullah. Wanangu, mmeigusa "fast", na hiyo neno nimelipenda tangu nikiwa kijana. Niruhusuni.

Katika nahau, yaani sarufi, ya Kiarabu tunayowasomesha watoto madrasani, maneno ni mafungu matatu: ismu (majina), fiili (vitenzi) na harfu (vijineno vya kuunganisha). Maneno ya wakati na mahali, tunayoyaita dharfu, yamo ndani ya fungu la ismu, hayana rafu yao wenyewe. Asubuhi mtoto huyo huyo anaingia shuleni anaambiwa mafungu ni manane na kielezi ni la peke yake. Kichwa kidogo kinabeba mizani mbili, na hakuna aliyekaa naye akamwambia kwamba kila lugha ina mizani yake. Hilo liwaingie wazazi.

Sasa "fast". Ramadhani mtoto anasema "I fast", nimefunga, na hapo ni fiili. Akikimbia kuwahi futari anasema "I run fast", na hapo ni kielezi. Maana ya kwanza ya neno hili ilikuwa kitu kilichokazwa, kilichoshikwa imara, ndiyo maana wanasema "hold fast", shika usiachie. Kufunga swaumu kwao kulikuwa ni kuishika amri kwa nguvu. Na sisi je? Tunafunga mlango, tunafunga kamba, na tunafunga Ramadhani. Kitenzi kimoja. Wao wanavunja mfungo asubuhi wakaita "breakfast", sisi tunafungua kinywa. Watu wa bara mbili hawakukaa kikao, na wamekwenda kuchota maji kisima kimoja.

Mtu aliyelala fofofo wanamwambia "fast asleep". Halala kwa mbio, kalala kwa kukazika. Huyu "fast" ni kielezi kile kile cha zamani, kabla hakijaanza kukimbia.

Mama Kisauni ameandika:

Maalim, shikamoo, na Allah akuhifadhi. Nimemsomea binti yangu maneno yako akayaandika kwenye daftari lake mwenyewe, la nyumbani.

Tangu jana nimekuwa nikiwaza, na nimefika mahali ambapo nadhani ndipo penye mzizi wa yote haya. Tunasema watoto wanachanganya vitenzi na vielezi vya Kiingereza kwa sababu ya -ly. Mimi sasa nasema -ly ni juu juu. Wanachanganya kwa sababu katika Kiswahili, kazi nyingi ambazo Mwingereza anampa kielezi, sisi tunampa kitenzi.

Nimeanza kulishuku hili kwa kosa moja. Mtoto wa jirani, mwerevu kweli, aliandika katika insha yake: "I lated to school." Nililitazama neno hilo kwa muda. Mwalimu atapiga kosa jekundu na kuendelea. Lakini mtoto alikuwa anafikiri sawasawa, tena kwa Kiswahili safi: nilichelewa. Kuchelewa ni kitenzi, kina nafsi, kina wakati. Kwa nini Kiingereza kisiwe nacho? Mwingereza hapo hana kitenzi cha kawaida, anachukua "arrive" au "come" halafu anamwekea "late" ubavuni. Kitenzi chetu kimoja kwake ni kitenzi na kielezi.

Nikaanza kuokota mengine. Nikajaza ukurasa.

Ameshakula. Hiyo "-sha-" ni mabaki ya kwisha, kitenzi. Mwingereza anasema "already", kielezi.

Hajawahi kufika Lamu. Kuwahi ni kitenzi. Mwingereza anasema "never". Umewahi kuonja mabuyu ya Mji wa Kale? Mwingereza anasema "ever".

Angali amelala. "Angali" ina nafsi ndani yake, ningali, ungali, tungali. Mwingereza anasema "still", neno moja lisilogeuka kwa mtu yeyote.

Rudia kusoma. Mwingereza anasema "read again". Tangulia, nakuja: "go ahead". Bei inazidi kupanda: kwao ni "increasingly" au "more and more".

Na ile "hu-" yetu! Baba huvuka feri alfajiri. Hiyo "hu-" peke yake inabeba "usually". Mtoto anayetafsiri kichwani anaandika "Father cross ferry" na kuona ameshasema kila kitu, kumbe "usually" imebaki Likoni.

Lililonifurahisha zaidi ni "huenda". Huenda mvua ikanyesha. Lichunguze: hu-enda, kitenzi cha kwenda kilichosimama mahali pamoja mpaka kikawa kielezi. Mwingereza anasema "maybe". Lichunguze na hilo: "may" na "be", vitenzi viwili vilivyoshikana vikawa kielezi. Yaliyompata kwenda kwetu yamempata kuwa kwao. Na hapo ndipo penye mtego wa mtihani: "Maybe she is sick" ni neno moja, kielezi. "She may be sick" ni maneno mawili, vitenzi. Nafasi moja tu katikati inabadilisha fungu la neno. Jaribio la mwalimu la kuhamisha linafaa hapa: "maybe" unaweza kuiweka mbele ya sentensi nzima, "may be" ukiivuta mbele inakuwa kitu kingine.

Nikimwonyesha mtoto hili, simwambii umekosea. Namwambia: ulichosema kwa kitenzi, wao wanakisema kwa kielezi, basi kitafute hicho kielezi. Tangu nianze hivyo sijaiona tena "lated".

Makanga wa Bamburi ameandika:

Mama mmeongea vitu vizito humu na mimi nimesoma yote kati ya trip na trip. Naongeza la barabarani.

Sisi kazi yetu ni panda, shuka, ingia, toka, rudi, vuka. Kila moja neno moja. Siku nikibeba mzungu naanza kuhesabu: panda ni "get on" au "go up", shuka ni "get off" au "go down", ingia ni "go in", toka ni "go out", rudi ni "go back", vuka ni "go across". Wao kitenzi wanatumia kile kile "go" na "get", mwelekeo wanauweka kwenye kijineno cha nyuma. Sisi mwelekeo tumeuingiza ndani ya kitenzi chenyewe. Hiyo si ndiyo unayosema?

Halafu swali. Kwenye matuta wameandika "Go slow". Mbona si "slowly"? Na nauli ikipanda wazungu wengine wanasema "they upped the fare". "Up" imekuwa kitenzi?

Mwalimu wa Tudor ameandika:

Ndugu makanga, umeieleza vizuri kuliko vitabu vingi. Hiyo ndiyo tofauti yenyewe: Kiswahili kinaingiza njia ndani ya kitenzi, Kiingereza kinaitoa nje na kumkabidhi kielezi. Na hapo ndipo yanapozaliwa makosa yetu maarufu ya "return back" na "repeat again". "Return" ni katika vitenzi vichache vya Kiingereza vinavyofanana na vyetu, kurudi kumo ndani tayari. "Repeat" nayo imeshabeba "again". Mwanafunzi keshaambiwa kwamba Mwingereza huongeza kielezi, basi anaongeza hata pasipotakiwa. "Go back" au "return", chagua moja.

"Go slow" ni sawa. "Slow" ni kielezi hapo, cha zamani, kisicho na mkia, na kimebaki hasa kwenye alama za barabarani. "Slow down" ni kitenzi, na ushahidi ni jana: "The driver slowed down." Huwezi kusema "The driver goed slowed". Inayobadilika kwenye "Go slow" ni "go": "We went slow."

"Upped the fare", ndiyo, hapo ni kitenzi kamili, imevaa "-ed". Kwenye "The fare went up" ni kielezi. Maneno mengi mafupi ya Kiingereza yana tabia hii. "Back", "down", "near", "further", "forward", "better", hata "even". "Forward the message" ni kitenzi, "move forward" ni kielezi. Neno la Kiingereza halina sare. Ukitaka kujua ni askari au ni raia, mtazame anafanya nini.

Bint Likoni ameandika:

Mimi niseme ukweli, naona tunawachosha watoto. Nilijifunza Kiingereza kwa kusoma na kusikiliza, sijawahi kujiuliza hii ni kielezi au kitenzi, na naongea vizuri. Majina ya sarufi yana faida gani?

Mama Kisauni ameandika:

Mdogo wangu, nakuelewa, na kusoma ndiyo msingi, sibishani. Lakini msome tena kijana wa Mtongwe. Alisoma, alisikiliza, na siku ya kuandika sentensi moja iliyomhusu maisha yake aliharibu kwa sababu jina alilopewa lilikuwa na maana ya uongo. Watoto hawatuombi majina. Wanapewa majina watake wasitake, na katika mitihani yao ya Kiingereza sarufi imo. Basi jina likishakuja, lije na maana yake.

Halafu angalia, majina yetu ni mazuri kuliko yao. Kitenzi kimetoka kwenye kutenda. Kielezi kimetoka kwenye kueleza. Mtoto anasikia kazi ndani ya jina. Wao wanasema "verb" na "adverb", na kwa sikio la mtoto la pili ni kama la kwanza lililoongezwa kichwa. Kwa Kilatini maana yake ni neno linalokaa pembeni ya kitenzi, lakini nani anamwambia? Mimi siku hizi nawafundisha kwa majina ya Kiswahili kwanza, wakishashika ndipo nawapa ya Kiingereza.

Bint Likoni ameandika:

Hilo la kutenda na kueleza sikuwahi kulifikiria. Na hapo nimeandika "sijawahi", ningeandika Kiingereza ningetafuta "never". Nimenasa dada, endelea.

Kijana wa Mtongwe ameandika:

Mama, ukipata nafasi tuwekee zile sentensi unazowapa barazani. Nina mdogo wangu.

Mama Kisauni ameandika:

Hizi hapa, za jana jioni. Niliwaambia wavizungushie vitenzi duara la buluu na vielezi wavipigie mstari mwekundu.

"Grandmother fasts on Mondays but she still walks fast."

"Please reply early."

"Maybe the ferry will come late."

"Juma hardly works, but his sister works hard."

"The sea was still, but the boat still moved."

Binti yangu alikaa na ya kwanza muda mrefu. Nilimwona akiandika "fasted" juu ya "fasts" kwa penseli, kisha "walked" juu ya "walks", akafuta, akachora duara. "Fast" ya mwisho akaiwekea mstari mwekundu, akanitazama kuona kama nitasema kitu. Sikusema. "Reply" akaiziba -ly kwa kidole, akacheka, akaizungushia buluu. "Early" mstari mwekundu. Ya Juma aliifanya haraka, akanieleza kwa Kiswahili kwamba Juma ni mvivu na dada yake anajituma.

Ya tano ilimsimamisha. "Still" ya pili aliijua, angali inakwenda, mashua ingali inakwenda. Ya kwanza akaipeleka jana, haikubadilika, akasema basi si kitenzi. Akajaribu kuihamisha, ikagoma, akasema basi na kielezi si hasa. Mwisho hakuchora duara wala mstari. Kaandika pembeni kwa penseli, pale pale ambapo wiki iliyopita aliandika hakuna: hii ni ya bahari yenyewe, nitauliza kesho.